Pesa ya gemu ya hisani hutoka mfuko wa nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana wa mtaa mmoja hapa Tanga, tuna kibanda chetu cha PlayStation. Tunataka kuandaa mashindano ya mpira wa gemu mtandaoni ili tuinunulie zahanati yetu mashine ya oksijeni. Wenzetu walioko Mombasa na Muscat wameshasema watacheza. Nimesikia kwamba wakati wa korona watu huko nje walikusanya mamilioni ya dola kwa kucheza gemu tu. Sielewi: mtu akikaa anacheza, pesa inatoka wapi? Na babu yangu anasema hii ni kamari iliyovishwa kanzu. Nimjibu nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Babu mpe salamu zangu. Swali lake ni zuri kuliko lako, na kuna waandaaji wakubwa wa mwaka 2020 ambao lingewasumbua. Lakini nianze na lako, maana jibu lake ndilo litakalokupa la kumwambia babu.

Gemu haizai pesa. Hata siku moja. Wewe ni mtoto wa Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, kwa hiyo taarabu sina haja ya kukueleza. Umewaona akina mama wanavyoinuka vitini, wakacheza taratibu hadi jukwaani, wakamtunza mwimbaji noti. Hawamlipi kwa sababu sauti yake imezalisha kitu. Wanatunza kwa sababu wako pale, wanaonwa, na ubeti ule umemgusa mtu fulani aliyekaa meza ya pili. Noti yenyewe ni ujumbe. Mashindano ya gemu ya hisani yanakwenda vivyo hivyo: anayecheza ndiye mwimbaji, anayetoa ni aliyekaa akitazama.

Tazama Hispania. Tarehe 12 Machi 2020 ligi yao ilisimamishwa, na siku mbili baadaye nchi nzima ikawekwa chini ya hali ya dharura, watu ndani. Jumapili ya tarehe 15 ilikuwa siku ya watani wa jadi wa mji wa Sevilla, Betis na Sevilla FC. Mechi hakuna. Basi mchezaji wa Betis, Borja Iglesias, na Sergio Reguilón aliyekuwa Sevilla wakakaa kila mmoja kwake, wakaicheza kwenye gemu ya mpira ya FIFA 20, na mtangazaji wa gemu anayeitwa Ibai Llanos akawatangazia. Zaidi ya watu 60,000 walifuatilia mechi ya vidole tu. Iglesias alishinda 6–5, na bao la ushindi alilifunga kwa kumtumia Iglesias wa ndani ya gemu. Unaweza kufikiria kelele za utani zilizofuata.

Hapo hapo Ibai akaona mlango. Siku tano baadaye, kuanzia tarehe 20 hadi 22 Machi, yakafanyika mashindano ya klabu za ligi ile, kila klabu mchezaji wake mmoja wa kweli akiwa sebuleni kwake na padi ya kuchezea gemu mkononi. Bingwa akawa Marco Asensio wa Real Madrid, ambaye kwa miezi mingi alikuwa hagusi mpira wa kweli kwa sababu ya goti. Fainali alimfunga Aitor Ruibal wa Leganés 4–2. Zikapatikana zaidi ya yuro 140,000, zikaelekezwa UNICEF kwa ajili ya kupambana na korona.

Sasa jiulize: nani angetoa yuro 10 kutazama vijana wawili wasiojulikana wakicheza FIFA? Watu walitoa kwa sababu Jumapili yao ilikuwa imeporwa na mtu mmoja akawarudishia kipande chake. Kwenu Tanga hamna Asensio, na wala hamna karantini inayowafungia watu ndani. Hilo lisikukatishe tamaa, ila ulijue kabla hujapiga hesabu. Mamilioni yale ya 2020 yalisaidiwa na jambo ambalo hatuombi lirudi: dunia nzima ilikuwa nyumbani, haina cha kutazama, ina hofu, na inatafuta namna ya kusaidia bila kutoka nje.

Kuna kijambo kidogo nisilisahau. Barcelona na Mallorca hawakushiriki mashindano yale, kwa sababu walikuwa na mkataba na kampuni ya gemu pinzani. Kwa hiyo hata kwenye sadaka wanasheria wapo. Kabla hamjatangaza mashindano ya umma, someni masharti ya kampuni yenye gemu mtakayocheza. Kwa kawaida mashindano madogo yasiyo ya biashara huwa yanaruhusiwa, lakini yana masharti yake kuhusu viingilio, zawadi na kutumia nembo.

Waliobobea hasa katika kazi hii ya kutunzwa si watu wa mpira. Ni kundi la Marekani linaloitwa Games Done Quick. Wao hawashindani kwa mabao: mtu mmoja anachukua gemu, mara nyingi ya zamani, anaimaliza kwa kasi ya ajabu, akipita njia za mkato ambazo hata walioitengeneza hawakuzijua, na pembeni yake wenzake wanaeleza anachofanya. Walianza Januari 2010 katika chumba cha chini cha nyumba ya mama wa mwanzilishi wao, Mike Uyama, baada ya intaneti ya ukumbi waliokusudia kuwaangusha. Walipata dola elfu kumi na kitu. Miaka kumi baadaye, Januari 2020, kwenye hoteli huko Orlando, walikusanya zaidi ya dola milioni 3.1 kwa wiki moja, siku saba usiku na mchana bila kuzima.

Halafu korona ikaja, na ukumbi ukafungwa. Mwezi wa Aprili wakaandaa tamasha la dharura la siku tatu, tarehe 17 hadi 19, kila mchezaji akiwa kwake. Zikaingia zaidi ya dola 400,000 kwa shirika la Direct Relief, linalosambaza dawa na vifaa vya kinga. Tamasha lao kubwa la kiangazi, lililokuwa lifanyike Minnesota, likasogezwa hadi Agosti na kuhamia mtandaoni lote. Likaleta zaidi ya dola milioni 2.3 kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Hawa ndio wale wale waliokuwa wakitibu wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Nduta, kule Kibondo mkoani Kigoma. Sisemi kwamba dola ya kijana wa Ohio, Marekani, ndiyo iliyonunua dripu ya Nduta, hakuna anayeweza kuifuata dola moja hivyo. Nasema tu kwamba mfuko ule si wa watu wa mbali na sisi kama unavyodhani.

Zile milioni 2.3 zilikuwa chache kuliko zile zaidi ya milioni 3 walizopata kiangazi cha mwaka uliotangulia. Wataalamu wa miaka kumi, na bado walishuka walipoondoka ukumbini. Mtandaoni hakuna kelele za watu nyuma ya mchezaji, na kelele zile ndizo zinazomfanya mtazamaji atoe kadi yake. Walihitaji muda kujifunza. Januari 2022, bado wakiwa mtandaoni, walivuka milioni 3.4. Kwa hiyo mara ya kwanza mkipata kidogo msilaumiane.

Wanachofanya wakati wa matangazo ndicho ninachotaka mkiibe. Kila mchango unakuja na maneno, na mtangazaji anayasoma kwa sauti: huyu anatoa kwa kumbukumbu ya mama yake, yule anamtania mchezaji, mwingine anatoa mara ya kwanza. Unaona taarabu ilivyo pale? Kisha wanaweka ubishi wenye bei. Katika gemu ya Super Metroid, sayari inapokaribia kulipuka, mchezaji anaweza kupoteza sekunde chache kuwaokoa vinyama vidogo, au akawaacha wafe na kuokoa muda wake. Watazamaji wanapiga kura kwa michango: waokolewe au wafe? Kambi mbili zinatambiana usiku kucha, na kuna miaka ubishi huu peke yake umeleta mamia ya maelfu ya dola. Vinyama vyenyewe ni nukta chache za rangi kwenye kioo.

Nyinyi mna Simba na Yanga, mna Coastal Union na African Sports, mna Tanga na Mombasa nani anapika biriani. Msiwaombe watu wachangie tu. Wapeni upande wa kuchangia.

Si kila pesa ya mwaka ule ilitoka kwa watazamaji. Nyingine ilitoka kwa mdhamini moja kwa moja, na hapo mchezo ulikuwa ni wa kuamua tu hundi iandikwe kwa jina la nani. Tarehe 3 Mei 2020 nyota wa tenisi walicheza gemu ya Mario Tennis wakiwa wamepangwa wawili wawili na watu maarufu, akina Serena Williams na Naomi Osaka wakiwemo. Waliotwaa ubingwa walikuwa mcheza tenisi Taylor Fritz na nyota wa TikTok Addison Rae, na dola milioni 1 ikaenda kwenye shirika la kulisha watoto. Saudia nako shirikisho lao la michezo ya kielektroniki lilitenga dola milioni 10 kwa mashindano ya wiki kadhaa, timu kubwa zikishindania fungu la kupelekwa kwenye mashirika ya misaada. Watu wakasema Saudia inanunua jina zuri. Inawezekana kabisa. Mdhamini karibu wote hununua jina zuri, hata mwenye duka la simu atakayewapa nyinyi fulana. Muhimu ni mjue anachonunua kabla hamjakiuza.

Sasa babu.

Mwaka ule ule, Uingereza ilifuta mbio zake kubwa za farasi, Grand National. Tarehe 4 Aprili, siku ambayo farasi wangekimbia, televisheni ikaonyesha mbio za kompyuta: farasi wa kuchorwa, matokeo yakitolewa na programu, hakuna hata binadamu mmoja aliyeshika padi. Watu wakaweka dau, lisizidi pauni 10. Kampuni za kamari zikakubali kutoa faida yote kwa mfuko wa hisani wa hospitali za umma, nayo ikafika pauni milioni 2.6. Farasi aliyeshinda, Potters Corner, alikuwa farasi wa kweli, na miezi michache kabla alikuwa ameshinda mbio kubwa za Wales kwa miguu yake halisi.

Hiyo sasa ndiyo kamari iliyovishwa kanzu, na babu angekuwa sahihi. Mtu aliweka pesa akitumaini kupata zaidi, bahati ikaamua, waliopoteza ndio waliojaza mfuko. Siwadharau, na wauguzi waliofaidika nao hawakuwa na kosa. Lakini ni kamari, na wenyewe waliiita kwa jina lake.

Yale ya Hispania na ya Games Done Quick ni kitu kingine. Aliyetoa hakurudishiwa pesa, na aliyeshinda hakuondoka na pesa ya aliyeshindwa. Hapo ndipo mstari ulipo, na ni rahisi kuuvuka bila kujua. Mfano: mkisema kiingilio shilingi 5,000 kwa kila mchezaji, na bingwa apewe 100,000 kutoka katika viingilio hivyo, zinazobaki ziende zahanati, babu atawauliza tofauti yake na kibanda cha dau ni ipi, na sijui mtamjibu nini. Hali hiyo hiyo kwa bahati nasibu ya kuchangisha: tiketi, bahati, zawadi. Hiyo hata serikali inaitazama kwa jicho hilo, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo yenye neno. Msiiguse bila kibali.

Njia safi ni kutenganisha. Mchezaji aingie bure, au atoe mchango unaokwenda zahanati wote, na ajue haurudi. Bingwa apewe kombe au fulana iliyotolewa na mtu wa nje, si iliyonunuliwa kwa pesa ya wachezaji. Nasema hivi kama mtu wa mashindano. Fatwa si kazi yangu; mpelekeeni sheikh wa mtaa mpango wenu umeandikwa, kabla ya tangazo. Mkimpata babu akae naye siku hiyo, mmeshapata mashabiki wawili.

Udanganyifu nao upo, hata pale ambapo hakuna anayepata senti. Juni 2021, India ikiwa imetoka kupigwa vibaya na wimbi la pili la korona, bingwa wa zamani wa dunia wa sataranji, Viswanathan Anand, alicheza mtandaoni na watu maarufu kadhaa kwa wakati mmoja ili kuchangisha chakula cha wenye shida. Mmoja wao, bilionea kijana, akamfunga. Watu wa sataranji wakaangalia zile hatua na kucheka: hakuna mgeni wa mchezo anayecheza vile. Kesho yake mwenyewe akakiri kwamba alisaidiwa na kompyuta na watu waliokuwa wakimchambulia mchezo. Badala ya habari kuwa chakula, ikawa wizi. Kwa hiyo wekeni mwamuzi, na kwenye mechi kubwa kamera imwonyeshe mchezaji na mikono yake. Mashemeji wanaocheza kwa jina la mtu mwingine tunawajua.

Nije kwenye intaneti, maana Muscat mmeitaja kama vile iko Pangani. Kwenye mpira wa gemu, ukibonyeza kupiga, amri yako inasafiri hadi kwa mwenzako au hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mechi, na kurudi. Ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde utavumilia. Ikichelewa mara mbili ya hapo, kipa anaruka mpira ukiwa umeshaingia, na anayefungwa atasema ni bando. Mara nyingi atakuwa anasema kweli. Na wenye nyaya nzuri watawafunga wenye laini ya simu kila mara, hapo ushindani haupo tena.

Games Done Quick waliliepuka hili kwa sababu mchezo wao ni wa mtu mmoja na mashine yake. Kinachosafiri ni picha tu, na picha ikichelewa sekunde tano hakuna anayeumia. Ningekuwa nyinyi ningefanya hivi: Tanga wacheze kibandani Tanga, Mombasa wao kwa wao, Muscat wao kwa wao, kila mji upate bingwa wake ana kwa ana. Kisha mabingwa wapewe mtihani mmoja wa mtu na mashine, tuseme timu dhaifu dhidi ya timu ngumu ya kompyuta, kiwango kile kile, nani afunge mabao mengi. Mnarusha moja baada ya nyingine, mtangazaji mmoja, na michango inasomwa katikati. Hakuna wa kulaumu mtandao.

Upande wa kurusha matangazo sitawachosha. Mic nzuri ni bora kuliko kamera nzuri. Muwe na laini ya pili ya mtandao mwingine kwa ajili ya pale ya kwanza itakapokata, na jenereta la jirani lijulikane liko wapi.

Pesa ndiyo nataka muisikilize vizuri. Nguvu ya wale wakubwa ni kwamba mchango wa Games Done Quick unakwenda moja kwa moja kwa shirika linalosaidiwa, na waandaaji wanaonyesha jumla kwenye kioo tu. Mwaka ule ule wa 2020 mimi nilisaidia kutangaza mashindano madogo ya kuwanunulia chakula madereva wa bodaboda waliokosa abiria. Michango ilikuwa inaingia kwenye laini ya kijana mmoja, mwaminifu, hata leo ningempa funguo za nyumba yangu. Kumbe alikuwa na deni la mkopo wa simu. Kila mchango ulioingia, mfumo ukaukata kulipia deni lake. Tuligundua saa mbili baadaye, watu wameshaanza kuuliza mbona jumla inayosomwa hailingani na meseji zao. Alilipa yote kutoka mfukoni mwake wiki hiyo hiyo, na bado hadi leo kuna watu wanaomwita mwizi.

Basi msitumie laini ya mtu. Iombeni zahanati, au kamati yake ya afya, itoe namba ya kulipia iliyo kwa jina la taasisi, jina ambalo mchangiaji ataliona kwenye simu kabla hajathibitisha. Kama haina, sajilini kikundi na mfungue akaunti yenye watia saini watatu, mmoja awe mtu mzima asiyecheza gemu. Ulizeni pia makato. Machi 2020 kule Kenya, Safaricom iliondoa ada ya kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000, kwa ajili ya korona. Ofa ya namna hiyo haipo kila siku, na mchango wa shilingi 1,000 ya kwetu unaweza kuliwa vibaya na ada. Wa Muscat wakusanye kwao, mmoja atume mara moja, na risiti ionyeshwe laivu.

Na mashine yenyewe: mmeshamuuliza mganga wa zahanati? Mashine ya kuzalisha oksijeni huwa ya lita 5 au 10 kwa dakika, inahitaji umeme usiokatika, vichujio vya kubadilisha, na fundi anayeijua. Inawezekana anachohitaji zaidi ni betri na kibadilisha umeme, au vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, ambavyo ni bei ya chini na mtavifikia usiku wa kwanza. Nendeni kwanza kwake, mpate barua yenye jina la kifaa na bei yake. Barua hiyo ndiyo mtakayoiweka pembeni ya kioo siku ya mashindano, na mstari wa michango ukipanda kuelekea kwenye bei ile. Ukishaipata nitumie pamoja na tarehe. Kutangaza nitatangaza mimi, bure, ila upande wangu ni African Sports na msitegemee nitajificha.